Maisha ya Carl Ben Eielson, Rubani wa Nchi ya Barafu



Leo tunawaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa padri, mtawa wala mmisionari. Alikuwa rubani wa ndege ndogo za kukodi huko Alaska, kaskazini ya mbali ya bara la Amerika, miaka mia moja iliyopita. Tumemchagua kwa sababu kazi yake inafanana kwa mengi na ile ambayo sisi waseminari tunaandaliwa kuifanya: kutumwa mbali, kubeba kitu kisicho chako, na kukifikisha salama kwa wanaokingoja. Tumemchagua pia kwa sababu kifo chake kinatuachia swali ambalo kila anayetumwa hulikuta njiani: ni lini niendelee na safari, na ni lini nigeuze?

Utoto na masomo

Carl Benjamin Eielson, ambaye watu walizoea kumwita Ben, alizaliwa tarehe 20 Julai 1897 katika mji mdogo wa Hatton, jimbo la North Dakota, kaskazini mwa Marekani. Ukoo wake ulitoka Norwei, na baba yake, Ole, alikuwa mwenye duka. Ilitazamiwa kwamba kijana huyu angesoma, angepata kazi ya heshima, na angeishi maisha ya utulivu.

Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia ikabadili mambo. Ben alijiunga na jeshi akajifunza urubani, lakini vita ikaisha kabla hajapelekwa Ulaya. Akarudi nyumbani kusaidia dukani, ila moyo wake ulikuwa umebaki angani. Kwa msaada wa watu wa mji wake ilipatikana ndege ya mafunzo iliyokuwa imetumika jeshini, naye akawa akizunguka nayo kwenye maonyesho ya vijijini, akiwarusha watu kwa malipo kidogo. Baba yake hakuifurahia kazi hiyo. Mwaka 1921 Ben alimaliza masomo katika Chuo Kikuu cha North Dakota, kisha akaenda mji mkuu, Washington, kusomea sheria katika Chuo Kikuu cha Georgetown, chuo cha mapadri Wajesuiti. Ili ajikimu alifanya kazi ya ulinzi katika jengo la Bunge.

Hapo Bungeni ndipo alipofahamiana na Dan Sutherland, mjumbe wa Alaska. Mzee huyo alimweleza habari za nchi yake na uhitaji wake wa walimu. Mwaka 1922 kijana wa miaka 25 aliiacha sheria, akasafiri hadi mji wa Fairbanks, katikati ya Alaska, kufundisha hisabati, sayansi na Kiingereza katika shule ya sekondari, na kuifunza timu ya mpira wa kikapu.

Nchi isiyo na barabara

Ili tuielewe kazi aliyoianza huko, tuitazame kwanza nchi yenyewe. Alaska ina ukubwa unaokaribia Tanzania na Kenya zikiwekwa pamoja, lakini katika sensa ya mwaka 1920 ilikuwa na watu wapatao 55,000 tu. Wenyeji wa asili, wachimba dhahabu, wawindaji na wafanyabiashara waliishi katika makazi madogo yaliyotengwa na milima, misitu na vinamasi. Reli ilikuwa moja kubwa, na barabara zilikuwa chache mno. Wakati wa kiangazi watu walisafiri kwa mashua mitoni. Wakati wa baridi mito iliganda, na usafiri ukawa wa sleji, yaani chombo kisicho na magurudumu kinachoteleza juu ya theluji kikivutwa na mbwa.

Fairbanks mwezi Desemba huona jua kwa saa zipatazo nne tu kwa siku. Baridi yaweza kushuka hadi nyuzi 40 chini ya sifuri na zaidi. Katika hali hiyo barua kutoka Fairbanks hadi McGrath, mwendo wa kilometa zipatazo 450, ilichukua zaidi ya wiki mbili kwa sleji. Mgonjwa aliyehitaji daktari alisafirishwa kwa njia ileile, kama alikuwa na nguvu ya kuvumilia.

Mwalimu Eielson aliyaona hayo, akakumbuka ndege. Aliwashawishi watu wa mjini, akiwemo mhariri wa gazeti na mwenye benki, na mwaka 1923 wakaanzisha kampuni ndogo na kununua ndege moja. Kiangazi hicho Ben aliruka na abiria na mizigo kwenda kwenye machimbo. Safari ya siku nyingi kwa miguu au kwa farasi ikawa ya saa moja au mbili.

Barua za kwanza kwa ndege

Kiangazi ni kitu kimoja, na majira ya baridi ni kitu kingine. Wengi waliamini kwamba wakati wa baridi ndege haiwezi kufanya kazi huko. Eielson aliiomba Posta ya Marekani impe nafasi ya kujaribu. Posta ikampa mkataba wa safari kumi kati ya Fairbanks na McGrath, pamoja na ndege iliyofungwa mbao za kutelezea badala ya magurudumu.

Tarehe 21 Februari 1924 aliondoka Fairbanks akiwa na zaidi ya kilo 70 za barua na vifurushi. Rubani alikaa mahali pa wazi, bila kioo cha kumfunika, kwa hiyo alivaa nguo juu ya nguo, soksi nzito za sufu pamoja na za ngozi, na juu yake joho pana la ngozi ya paa wa kaskazini. Hakukuwa na redio wala mtu wa kumwambia hali ya hewa ya mbele. Alitumia dira, ramani isiyokamilika, na macho yake. Kwa muda usiofika saa tatu alitua juu ya barafu ya mto huko McGrath, na watu wakapokea barua ambazo kwa kawaida wangezingojea kwa wiki.

Safari ya kurudi ndiyo iliyomfundisha. Alichelewa kuondoka, giza likamkuta angani, akapotea njia. Huko Fairbanks watu waliwasha moto mkubwa kando ya uwanja ili aone pa kushukia, na mwanga huo ndio uliomrudisha. Alitua vibaya, ndege ikaharibika, lakini yeye alitoka mzima.

Ndugu wasomaji, tunapenda kuutafakari moto ule. Historia imeliandika jina la rubani peke yake, wala haiwataji waliobeba kuni. Hata hivyo, bila wao asingefika. Kila anayetumwa hutegemea watu wanaokesha nyuma yake. Padri anayechelewa kigangoni huwa na katekista anayemngojea na taa.

Ndege iliendelea kupata ajali wakati wa kutua, na baada ya safari ya nane Posta iliuvunja mkataba. Kwa macho ya wengi Eielson alikuwa ameshindwa. Lakini alikuwa ameonyesha kwamba jambo hilo linawezekana, na waliomfuata walijenga juu ya msingi huo.

Kazi ya rubani katika baridi

Tuseme kidogo jinsi kazi hii ilivyofanyika, maana wengi wetu hatujawahi kuona maji yakiganda mtoni.

Katika baridi kali oili ya injini huganda ikawa nzito kama lami. Kwa hiyo marubani wa wakati ule, kila walipotua kulala, waliimwaga oili ingali moto kwenye chombo na kuingia nayo ndani. Asubuhi waliipasha moto jikoni, wakaifunika injini kwa turubai, na chini ya turubai hilo wakawasha jiko. Ilibidi mtu akae humo, kwenye moshi, akichunga ndege isishike moto. Injini ilipokuwa vuguvugu walirudisha oili haraka na kuiwasha. Mbao za kutelezea nazo ziliganda chini, na ilibidi kuzitikisa ili ziachie. Kazi hii ilichukua saa nyingi kabla ya safari ya saa mbili.

Hatari kubwa kuliko zote ilikuwa kutoona. Mbingu zikiwa na mawingu na ardhi yote ikiwa na theluji, juu na chini huwa weupe mmoja. Hakuna kivuli, hakuna mstari wa upeo. Rubani hawezi kujua kwa macho kama yuko juu mita 300 au mita 10. Hutegemea kifaa kinachopima urefu wa ndege kutoka chini kwa kufuata kani ya hewa. Lakini kani ya hewa ikibadilika njiani, kifaa hicho husema uongo bila rubani kujua.

Kuvuka bahari ya barafu

Mwaka 1926 mpelelezi kutoka Australia, Hubert Wilkins, alimwajiri Eielson kuwa rubani wake. Mwezi Machi 1927 waliruka kutoka Point Barrow, ncha ya kaskazini kabisa ya Alaska, kwenda juu ya Bahari ya Aktiki. Injini ilisumbua, wakatua juu ya barafu inayoelea baharini. Eielson aliitengeneza injini huku vidole vyake vikiganda. Wakarudi angani, na usiku mafuta yakaisha. Alishusha ndege gizani, ndani ya dhoruba, juu ya barafu asiyoiona, na wote wawili wakapona.

Walingoja dhoruba itulie, kisha wakaiacha ndege na kutembea kuelekea nchi kavu kwa takribani wiki mbili, mara nyingine wakitambaa juu ya vilima vya barafu. Wilkins alitumbukia majini akajiokoa. Walipofika kwa watu, kidole kimoja cha Eielson kilikuwa kimekufa kwa baridi, kikakatwa.

Mwaka uliofuata walijaribu tena. Tarehe 15 Aprili 1928 waliondoka Point Barrow, na baada ya saa 20 na dakika 20 angani, kilometa zaidi ya 3,500, walishuka katika visiwa vya Svalbard, kaskazini mwa Norwei. Karibu na mwisho dhoruba iliwalazimisha kutua kwenye kisiwa kitupu, wakakaa ndani ya ndege siku kadhaa. Walipotaka kuondoka, mbao zilikuwa zimeganda. Wilkins alishuka asukume, ndege ikateleza, naye akashindwa kupanda. Eielson akaruka bila kujua kwamba mwenzake ameachwa. Alipogundua alizunguka akarudi. Jambo hilo likatokea tena, naye akarudi tena, ingawa mafuta yalikuwa yakipungua kila aliporuka. Mara ya tatu wakafanikiwa.

Safari hiyo iliwapa sifa dunia nzima. Wilkins alipewa cheo cha heshima na mfalme wa Uingereza. Mwishoni mwa mwaka huohuo waliruka Antaktika, wa kwanza kabisa kurusha ndege katika bara hilo. Mwaka 1929 Eielson alitunukiwa tuzo na Rais wa Marekani. Alikuwa na miaka 31.

Safari ya mwisho

Angeweza kubaki mijini akila matunda ya sifa yake. Badala yake alirudi Alaska kuongoza kampuni mpya ya ndege, iliyounganisha kampuni ndogo zilizokuwapo, ikiwemo ile ya ndugu wawili marubani, Noel na Ralph Wien. Kampuni changa inahitaji kazi na fedha. Kazi ikaja haraka.

Merikebu ya biashara iitwayo Nanuk, mali ya Olaf Swenson, ilikuwa imekwama katika barafu karibu na North Cape, pwani ya Siberia, ng'ambo ya Mlango wa Bahari wa Bering. Ndani yake kulikuwa na watu, na shehena ya ngozi za manyoya za thamani kubwa. Swenson aliahidi dola 50,000 kwa kuwatoa watu na ngozi hizo. Safari ilikuwa ya karibu kilometa 700 kutoka kijiji cha Teller, Alaska, juu ya bahari na pwani isiyo na makazi mengi, katika siku zinazozidi kuwa fupi.

Mwishoni mwa Oktoba 1929 safari ya kwanza ilifanikiwa. Kisha hali ya hewa ikaharibika, marubani wakakaa Teller siku baada ya siku wakitazama mbingu. Tarehe 9 Novemba waliamua kujaribu. Rubani mwenzake wa kampuni hiyohiyo aliruka siku ileile, akakutana na ukungu, akageuza. Eielson, pamoja na fundi wake Earl Borland, aliendelea. Hawakufika.

Ni lazima tuseme ukweli hapa, maana simulizi za mashujaa huwa na tabia ya kuuficha. Watu wa Nanuk walikuwa na mahali pa kulala. Hawakuwa katika hatari ya kufa siku ile. Kilichokuwa kikingoja zaidi ni ngozi, na mkataba. Eielson hakufa akimpelekea mtu dawa. Alikufa akitimiza ahadi ya biashara, katika siku ambayo mwenzake aliiona haifai.

Je, alikosea? Sisi tuliokaa darasani tusiwe wepesi wa kuhukumu. Mtu huyu alikuwa amepita dhoruba nyingi na kutoka salama, na pengine hilo ndilo lililokuwa mtego wake. Aliyepona mara kumi huanza kuamini kwamba ya kumi na moja ni haki yake. Tunafundishwa kwamba katika fadhila nne kuu, yaani busara, haki, nguvu na kiasi, busara ndiyo inayoziongoza nyingine. Nguvu ya moyo bila busara yaweza kumpoteza mwenyewe pamoja na yule aliyemwamini. Katika ndege ile walikuwa wawili. Borland alikuwa na mke na watoto.

Kumtafuta

Kwa zaidi ya miezi miwili marubani wa Marekani na Kanada walitafuta. Muungano wa Kisovyeti nao ulituma ndege zake, ingawa wakati huo nchi hiyo na Marekani hazikuwa na uhusiano wa kibalozi. Mwishoni mwa Januari 1930 marubani Joe Crosson na Harold Gillam waliona kitu cheusi kimechomoza katika theluji: bawa la ndege. Ilikuwa karibu na Amguema, mwendo wa zaidi ya kilometa 100 kutoka merikebu.

Mkao wa mitambo ulionyesha kwamba injini ilikuwa ikivuta kwa nguvu zote. Yaelekea rubani hakujua kwamba ardhi imekaribia, kwa sababu ya weupe ule tuliousema. Miili haikuwa ndani ya ndege. Wamarekani na Warusi walichimba mitaro katika theluji ngumu kwa wiki kadhaa, kwenye baridi ya katikati ya majira, mpaka walipowapata wote wawili mwezi Februari. Rubani Mrusi, Mavriky Slepnyov, aliisindikiza miili hiyo hadi Alaska.

Katika matendo saba ya huruma ya kimwili, la mwisho ni kuzika wafu. Mara nyingi tunalitaja kwa haraka. Watu wale walihatarisha uhai wao kwa ajili ya marehemu wasioweza kuwalipa chochote, ili wapate kulala nyumbani. Ben Eielson alizikwa Hatton mwezi Machi 1930, na maelfu ya watu walifurika katika mji ule mdogo. Leo mlima mmoja wa Alaska na kituo kikubwa cha jeshi la anga karibu na Fairbanks vinaitwa kwa jina lake.

Somo kwetu

Habari hii ina mwisho unaoligusa Kanisa letu. Mwaka huohuo wa 1930 Wajesuiti wa Alaska walipata ndege yao ya kwanza kutoka kwa wafadhili, ili mapadri wawafikie waamini waliokuwa wakiwaona mara chache kwa mwaka. Tarehe 12 Oktoba 1930, huko Kotzebue, ndege hiyo ilianguka katika safari fupi juu ya mji. Walikufa Padri Philip Delon, mkuu wa misioni, Padri William Walsh, na rubani Ralph Wien, yule tuliyemtaja. Hata hivyo ndege haikuachwa. Leo vijiji vingi vya Alaska hufikiwa kwa ndege ndogo, na padri huteremka pamoja na barua, unga na dawa.

Nasi tutatumwa. Wengine wetu tutakuta mto umefurika wakati wa masika, na ng'ambo yake kuna waamini wanaongoja Misa. Siku nyingine itatupasa kuvuka, maana kuna mgonjwa anayekufa. Siku nyingine itatupasa kurudi na kuja kesho, na hakuna atakayetusifu kwa hilo. Yule rubani aliyegeuza tarehe 9 Novemba 1929 hakujengewa sanamu kwa kugeuza, lakini alifika nyumbani na kuruka tena.

Tujifunze kwa Eielson bidii ya kubeba mizigo ya wengine, na moyo wa kumrudia mwenzake aliyeachwa kwenye barafu. Tujifunze pia kutokana na kifo chake kuuliza, kabla ya kila safari, ni nini hasa kinachotusukuma: uhitaji wa wanaotungoja, au hofu ya kuonekana tumeshindwa?

Tuwaombee marubani wa ndege ndogo popote walipo, mafundi wao, na wote wanaokesha wakiwangojea. Roho za marehemu waamini zipate rehema kwa Mungu, zipumzike kwa amani. Amina.